Maelezo kwa Watumishi na Wananchi: Kuomba Nafasi za Masomo ya Juu Nchi za Nje, na Yanayoonekana kutoka Moshi

Kila mwaka, mara tu matokeo ya mtihani wa Kidato cha Sita yanapotangazwa mnamo mwezi wa Julai, ofisi za umma huanza kupokea wazee wenye bahasha mkononi na swali moja: kijana amepata barua ya kukubaliwa na chuo cha nchi ya nje, sasa afanye nini? Watumishi wa Serikali nao huuliza kwa ajili ya nafsi zao, hasa wale wanaotaka shahada ya pili. Aghalabu swali hilo huletwa wakati muda umekwisha kupita, malipo ya awali yamekwisha kutolewa kwa mtu asiyejulikana vizuri, na jina lililoandikwa katika pasipoti halilingani na lile la cheti cha skuli. Maelezo yanayofuata yanakusudiwa kuwawezesha wananchi kuyajua mapema mambo ambayo ofisi za udahili na za viza huko nje huyatazama.

Mifano mingi imetolewa Moshi na miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Wako vijana wa Unguja na Pemba wanaosoma huko, katika Chuo Kikuu cha Ushirika, katika chuo cha udaktari kilicho pamoja na Hospitali ya KCMC, na katika skuli za sekondari za bweni, na wengi wao huanzia huko huko kutafuta nafasi za nje. Lakini iko sababu nyingine iliyo kubwa zaidi. Moshi ni mahali ambapo kwa muda mrefu watu wametumwa kwenda kusoma ng'ambo, na ni mahali ambapo wageni wamekuja kusoma. Anayetaka kujua jinsi maombi yake yatakavyosomwa na watu asiowajua, atapata faida akitazama kwa upande wa wanaopokea.

Historia ya kutuma inaeleweka vyema kwa kutazama kahawa. Wakulima wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika, KNCU. Mapato ya kahawa yaliwawezesha wazee kulipa ada za skuli katika wakati ambapo Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja; Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwezi wa Oktoba 1961 kikiwa na kitivo cha sheria peke yake. Kabla ya hapo, aliyetaka elimu ya juu alikwenda Makerere, Uganda, au alivuka bahari. Thomas Marealle, aliyechaguliwa kuwa Mangi Mkuu wa Wachagga mwaka 1951, alikuwa amesoma Aberystwyth, Wales, na London. Solomon Eliufoo wa Machame alisoma katika Chuo cha Bethany huko Kansas, Marekani, kwa njia ya uhusiano wa makanisa ya Kilutheri, na baadaye akawa Waziri wa Elimu wa Tanganyika huru. Dk. Asha-Rose Migiro, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Skuli ya Wasichana ya Weruweru, alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, mwaka 1992. Hapa Zanzibar nasi tuna historia yetu: Makerere na Cairo kabla ya Mapinduzi ya 1964, kisha Ujerumani ya Mashariki, Muungano wa Kisovieti na China. Katika safari hizo za zamani mara nyingi palikuwa na taasisi iliyosimama nyuma ya mwanafunzi, ikiwa ni kanisa, ushirika, chama au Serikali, nayo ndiyo iliyoandika barua na kujibu maswali. Mwombaji wa leo anajaza fomu peke yake mbele ya kompyuta, na hakuna mkubwa wa kumsemea.

Kwa upande wa kupokea, Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka, kilichoko juu ya mji wa Moshi katika mteremko wa kusini wa mlima, kilifunguliwa mwaka 1963 kwa makusudi ya kuwafundisha Waafrika wa nchi mbalimbali kazi za hifadhi. Hadi leo wanafunzi wake hutoka ndani na nje ya Tanzania. Katika Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, kiko Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, ambacho tangu miaka ya mwanzo ya 1990 kimekuwa kikipokea watumishi wa afya kutoka nchi nyingi za bara hili. Kwa watu hao, Moshi ndiyo nchi ya nje. Mganga kutoka Zambia au askari wa wanyamapori kutoka Uganda anapopeleka karatasi zake, hakuna anayeijua skuli yake, wala mwalimu wake, wala ukoo wake. Zinazomsemea ni karatasi tu. Akikubaliwa, bado anapaswa kupata ruhusa ya kukaa nchini, ambayo kwa wanafunzi ni kibali cha ukaazi cha daraja C. Yaani mlango wa chuo na mlango wa nchi ni milango miwili, na kila mmoja una bawabu wake. Jambo hili ndilo linalosahaulika kuliko yote na waombaji wetu: barua ya chuo si viza, na afisa wa viza ana haki ya kumkataa mtu ambaye chuo kimemkubali kwa furaha.

Tuanze na jina, kwa kuwa maombi mengi huharibika hapo. Fomu za nchi za Magharibi huuliza jina la mtu na jina la ukoo. Kwa mkaazi wa Marangu au Kibosho swali hilo lina jibu rahisi, maana majina kama Mushi, Massawe au Swai hurithiwa na ukoo mzima, na baba na mtoto hulichangia jina moja. Kwa Mzanzibari si hivyo. Tuchukue majina ya mfano tu: binti anaitwa Asha Juma Haji, na baba yake anaitwa Juma Haji Makame. Katika fomu binti atakuwa wa “ukoo wa Haji” na baba atakuwa wa “ukoo wa Makame.” Afisa wa viza anayesoma taarifa ya benki ya baba huyo haoni uhusiano wowote na mwombaji. Dawa yake ni cheti cha kuzaliwa kinachotaja majina kamili ya wazazi, pamoja na barua fupi ya mzazi inayoeleza kwamba kwetu jina la mwisho ni la babu. Maelezo ya mistari mitatu huondoa shaka ambayo ingeweza kugharimu mwaka mzima.

Mbaya zaidi ni pale majina ya mtu mmoja yanapotofautiana katika karatasi zake mwenyewe. Cheti cha skuli kina majina mawili, cha kuzaliwa kina matatu. Huku ni Mohamed, kule ni Muhammad. Fatuma wa darasani ni Fatma wa kitambulisho. Mtihani wa Taifa husajiliwa mapema, na jina litakaloandikwa siku ile ndilo litakalomfuata mwanafunzi maisha yake yote. Wazee wenye watoto walio Kidato cha Pili na cha Tatu waikague orodha ya usajili skulini sasa, kwani kusahihisha herufi moja mapema ni kazi ya dakika chache, na kuisahihisha baada ya cheti kutoka huhitaji kiapo, barua na safari. Vyeti vya kuzaliwa hutolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kwa waliozaliwa Zanzibar, na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, kwa waliozaliwa Tanzania Bara. Kijana aliyezaliwa Moshi kwa wazazi wa Kipemba huhudumiwa na RITA, si na ofisi ya Pemba. Ofisi hufuata mahali alipozaliwa mtu.

Jambo la pili ni matokeo, na hapa iko hatari ambayo wengi hawaijui. Katika mfumo wetu pointi zikiwa chache ndivyo ufaulu unavyokuwa mzuri zaidi: mwanafunzi wa Kidato cha Sita mwenye pointi 3 amefanya vizuri kupita wote, na Daraja la Kwanza huishia pointi 9. Katika nchi nyingi hesabu ni kinyume chake. Msomaji wa fomu aliyeko Ulaya akiona “pointi 3” bila maelezo anaweza kumdhania mwanafunzi bora wa skuli kuwa ndiye wa mwisho. Kuna pia vyeti vilivyotolewa katika kipindi kifupi kilichoanza mwaka 2014, ambapo Baraza la Mitihani lilitumia wastani wa alama, GPA, badala ya madaraja. Mwaka 2016 madaraja yakarejeshwa. Kwa hiyo ndugu wawili waliopishana miaka michache wanaweza kuwa na vyeti visivyofanana, na vyote ni halali. Mwombaji asijitungie ulinganisho wake. Aandike alama za kila somo kama zilivyo katika cheti na aambatishe maelezo rasmi ya mfumo wa madaraja. Chuo kikitaka uthibitisho, Baraza la Mitihani hupeleka matokeo moja kwa moja kwa chuo kwa ombi la mwenye cheti na kwa malipo yake. Vyuo vya Uganda huhitaji vyeti vya kigeni vilinganishwe kwanza na Baraza la Mitihani la nchi hiyo, UNEB, na kazi hiyo nayo inataka muda.

Muda ndio adui mkubwa. Mtihani wa Kidato cha Sita hufanyika mwezi wa Mei na matokeo hutoka Julai, ambapo masomo ya vyuo vya Ulaya na Marekani Kaskazini huanza kati ya Agosti na Oktoba. Katika wiki hizo chache haiwezekani kuomba chuo, kupata barua, kutafuta fedha na kuomba viza. Nchini Uingereza maombi ya shahada ya kwanza hupitia ofisi moja, UCAS, ambayo hupokea chaguo zisizozidi tano. Maombi ya udaktari, pamoja na yale ya Oxford na Cambridge, hufungwa katikati ya Oktoba ya mwaka unaotangulia, na mengine mengi mwezi wa Januari. Maana yake ni kwamba mwanafunzi hana budi kuomba angali darasani, kwa alama zinazokisiwa na walimu wake, akubaliwe kwa masharti, na kisha atimize masharti hayo kwa matokeo ya Julai. Skuli chache tu ndizo zenye mazoea ya kutoa alama za makisio kwa uaminifu. Asiyeweza njia hiyo aombe baada ya matokeo, kwa ajili ya mwaka unaofuata. Mwaka mmoja wa kungoja si hasara kama unavyoogopwa. Tena waliomaliza Kidato cha Sita huitwa Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorejeshwa mwaka 2013, na miezi ya mafunzo hayo huangukia hasa pale ambapo kijana angetakiwa awe ubalozini.

Kwa walioko Moshi umbali unaongeza ugumu. Balozi nyingi ziko Dar es Salaam, mwendo wa kilomita kama 560. Uingereza huwataka wanaokwenda kukaa zaidi ya miezi sita waonyeshe cheti cha kupimwa kifua kikuu, na kipimo hicho hufanyika katika kliniki zilizoidhinishwa peke yake. Hospitali iliyo karibu na nyumba, hata iwe bora namna gani, haitoshi. Mtihani wa lugha ya Kiingereza wa IELTS, ambao matokeo yake hutumika kwa miaka miwili, hufanywa katika vituo maalumu na nafasi zake hujaa. Mtu mwenye busara huyapanga mambo haya katika safari moja.

Sasa tuje kwenye fedha, ambapo wengi hukataliwa bila ya kuelewa sababu. Afisa wa viza haulizi kama ukoo una mali. Anauliza kama fedha ya ada na ya kujikimu ipo, ni ya nani, na imetoka wapi. Familia ya Old Moshi inaweza kuwa na kihamba chenye migomba na kahawa kilichorithiwa vizazi vinne, ardhi ambayo kwa heshima ya mila haiuzwi, na isiwe na karatasi moja ya benki ya kuionyesha. Familia ya Wete au Mkoani inaweza kuwa na mikarafuu mia moja na hali yake ikawa hiyo hiyo. Mali hizo ni za kweli, lakini ubalozi hausomi migomba. Anayekusudia kumsomesha mtoto nje aanze mapema kupitisha mapato yake benki na kuhifadhi stakabadhi: za chama cha msingi kwa mkulima wa kahawa, za Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, kwa mwenye karafuu, za mshahara kwa mtumishi. Fedha nyingi zinazoingia kwa mkupuo wiki mbili kabla ya maombi hutia shaka, hata zikiwa ni michango halali ya ndugu na majirani. Kama ni michango, iandikwe kuwa ni michango.

Kanuni za Uingereza ni mfano mzuri wa ukali huo. Fedha inayohitajika haina budi iwe imekaa katika akaunti siku 28 mfululizo, na siku ya mwisho ya hizo 28 isiwe imepita zaidi ya siku 31 kabla ya tarehe ya maombi. Ikipungua kwa siku moja tu, hata kwa kiasi kidogo, maombi hukataliwa. Akaunti iwe ya mwombaji mwenyewe, au ya mzazi au mlezi wake wa kisheria, pamoja na cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa. Hapa mila zetu na kanuni zao hazikutani kabisa. Kwetu mjomba aliyesomesha wapwa watatu ni mzazi, na hakuna atakayemuuliza cheti. Kwa afisa wa viza mjomba ni mtu wa kando. Ikiwa mjomba ndiye atakayelipa, fedha ihamishiwe mapema katika akaunti ya mwanafunzi au ya mzazi, na ikae humo siku zote zinazotakiwa. Ujerumani nayo ina utaratibu wake wa akaunti iliyofungwa: kuanzia Septemba 2024 mwanafunzi alitakiwa aweke euro 11,904 kwa mwaka, naye huruhusiwa kutoa euro 992 kila mwezi. Viwango hivi hubadilika mara kwa mara, na kwa hiyo kila mtu asome tangazo la ubalozi la mwaka wake, asitegemee aliyosimuliwa na aliyekwenda kabla yake.

Kwa wasio na fedha, ufadhili upo, lakini wa shahada ya kwanza ni mchache kuliko unavyosemwa. Iko njia moja inayoanzia Moshi kwenyewe. Skuli ya Kimataifa ya Moshi, iliyoanzishwa mwaka 1969 kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa KCMC, ilijiunga mwaka 2019 na umoja wa vyuo vya UWC, na sasa ni UWC Afrika Mashariki yenye matawi Moshi na Arusha. Vijana wa Kitanzania, wa Bara na wa Visiwani, huweza kuomba kupitia kamati ya taifa ya umoja huo, wakapangiwa skuli hapa au nchi nyingine, na ufadhili hutolewa kwa kadiri ya uwezo wa familia. Wahitimu wa vyuo hivyo husaidiwa na mpango wa Davis, ulioanza mwaka 2000, kusoma katika vyuo vya Marekani vilivyomo katika mpango huo. Njia hii huombwa kijana akiwa na umri wa miaka kama 16 au 17, na ndiyo sababu wanaoisikia baada ya Kidato cha Sita huwa wamekwisha kuikosa.

Kwa watumishi, ufadhili wa shahada ya pili ni mwingi zaidi. Chevening ya Serikali ya Uingereza hulipia mwaka mmoja, humtaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na humlazimu kurejea nchini kwake kwa miaka miwili baada ya masomo. Iko ya Jumuiya ya Madola, ya DAAD kwa Ujerumani, ya Serikali za China, India na Uturuki. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 3 ya 2011, nayo ina utaratibu wake wa mikopo, na mwombaji aulize kabla ya kukubali nafasi, si baada yake. Hakuna ufadhili wa Serikali yoyote katika hizo unaouzwa. Mtu akitaka fedha ili “akuwekee nafasi” ya Chevening au ya China, huyo ni mwizi, awe amevaa tai au hakuvaa.

Hayo yanatufikisha kwa mawakala. Wako wanaofanya kazi yao vizuri, na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, huwasajili. Mwananchi ana haki ya kuuliza usajili huo kabla ya kutoa hata shilingi moja. Jambo la kuangalia hasa ni anwani ya barua pepe. Wakala akijaza fomu kwa anwani yake mwenyewe, barua zote za chuo zitamfikia yeye, na mwanafunzi atajua yale tu atakayoambiwa. Anwani iwe ya mwanafunzi, na neno la siri alijue yeye peke yake, hata kama fomu imejazwa katika duka la steshenari la Darajani au la mjini Moshi. Aidha, TCU hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa Watanzania wanaokwenda kusoma nje, baada ya kutazama sifa za mwombaji na chuo anachokwenda. Wapo wanaokiona cheti hicho kuwa ni usumbufu mwingine wa maofisi. Maoni ya ukurasa huu ni kwamba usumbufu huo ni mdogo ukilinganishwa na ule wa kurudi na shahada ambayo haitambuliwi, kwani Tume hiyo hiyo ndiyo itakayotakiwa kuithibitisha siku ya kuomba kazi. Wanaokwenda kusomea udaktari wazidishe uangalifu, kwa kuwa baada ya shahada bado liko baraza la taaluma la kuridhishwa.

Usalama na siasa za dunia navyo havina budi kupimwa. Wanafunzi wa Kitanzania waliokuwa Ukraine walilazimika kukimbia vita vilipoanza Februari 2022. Mwaka uliofuata, mapigano yalipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, Serikali iliwaondoa Sudan Watanzania wapatao 200, wengi wao wanafunzi. Baadhi walirudi bila ya vyeti vya masomo waliyokwisha kuyamaliza. Kila mwanafunzi aliyeko nje aweke nyumbani nakala ya matokeo yake ya kila muhula. Kuhusu Marekani, tangazo la Rais wa nchi hiyo la Desemba 2025 liliiingiza Tanzania katika orodha ya nchi ambazo raia wake waliwekewa mipaka ya viza, zikiwemo za wanafunzi, kuanzia 1 Januari 2026. Anayetaka kuomba huko aulize ubalozi hali ilivyo kabla ya kulipa ada yoyote ya maombi au ya mtihani.

Tuseme kidogo juu ya insha na barua za walimu. Vyuo vingi humtaka mwombaji aeleze kwa maneno yake kwa nini anataka kusoma somo fulani. Vijana wa Kilimanjaro hupenda kuandika juu ya mlima, na vijana wetu huandika juu ya bahari na karafuu. Msomaji wa fomu amekwisha kuupanda mlima huo mara nyingi akiwa amekaa kitini. Anachotaka kujua ni kazi: kijana alisoma nini nje ya kitabu cha skuli, alirekebisha nini, alimfundisha nani. Aliyesaidia kuweka hesabu za chama cha msingi cha kijiji chake ana habari kubwa kuliko aliyeota kuwa waziri. Walimu wakuu nao wanaombwa waache ile barua ya mistari minne isemayo kwamba mwanafunzi “ana tabia njema na anashirikiana na wenzake.” Barua hiyo si mbaya, ila haimtofautishi na yeyote. Mwalimu aandike jambo moja aliloliona kwa macho yake.

Si lazima nje iwe mbali. Kutoka Moshi, Nairobi ni karibu kuliko Dar es Salaam, na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitangaza mwaka 2017 kuwa eneo moja la elimu ya juu, ingawa ada za wanafunzi wa nchi jirani bado hutofautiana baina ya chuo na chuo. Na hapa Unguja, Taasisi ya Teknolojia ya India ya Madras ilifungua tawi lake Bweleo mwaka 2023, la kwanza la taasisi hizo nje ya India. Mzee ambaye yuko tayari kuuza shamba ili mtoto akasomee kompyuta ng'ambo atembelee kwanza huko, kwa nauli ya daladala.

Mwisho, watumishi wa umma wanakumbushwa kuwa kukubaliwa na chuo hakumpi mtu ruhusa ya kuacha kazi. Ruhusa ya masomo huombwa kwa maandishi kupitia kwa mkuu wa kazi, ikiambatishwa barua ya chuo, muda wa masomo na maelezo ya nani atalipa, na mtumishi asiondoke mpaka apate jibu la maandishi. Wafadhili wengi hutaka barua ya mwajiri ndani ya maombi yenyewe, na barua hiyo haitoki kwa siku moja. Wanaokusudia kuanza masomo mwezi wa Septemba wafikishe maombi yao ya ruhusa mapema mwanzoni mwa mwaka, na wale waliopangiwa kazi au mafunzo Tanzania Bara, wakiwemo walioko Moshi, wayapitishe kwa mwajiri wao wa Zanzibar, si kwa chuo wanachosoma.